Obama wa Springfield: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu miaka yake katika Seneti ya Illinois

Habari za Barack Obama zinazosimuliwa Afrika Mashariki huanzia Kogelo, zikaruka moja kwa moja hadi Ikulu ya Marekani. Katikati pamebaki pengo la miaka karibu minane ambayo alikuwa mwanasiasa wa kawaida wa jimbo, akipambana na miswada, kamati na mipaka ya jimbo la uchaguzi. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu yenye mafunzo zaidi ya siasa kuliko hotuba zote zilizofuata, na maswali yafuatayo ndiyo ambayo watu huyarudia kila mazungumzo yakifika hapo.

## Mambo ya msingi

Obama alikuwa seneta mara ngapi?

Mara mbili, katika mabaraza mawili tofauti. Kuanzia Januari 8, 1997 hadi Novemba 4, 2004 alikuwa seneta wa jimbo la Illinois, na vikao vyake vilikuwa Springfield, makao makuu ya jimbo. Kuanzia Januari 2005 hadi Novemba 2008 alikuwa mmoja wa maseneta 100 wa Marekani nzima, wanaokutana Washington. Alipozuru Kogelo Agosti 2006 na umati ukajaa barabarani, alikuwa na cheo hiki cha pili. Ukurasa huu unahusu cheo cha kwanza, ambacho alikaa nacho muda mrefu mara mbili ya kile cha pili.

Seneta wa jimbo ana madaraka gani hasa?

Makubwa kuliko jina linavyodokeza. Kila jimbo la Marekani lina katiba yake, gavana wake, mahakama zake na bunge lake. Bunge la Illinois lina Seneti yenye viti 59 na Baraza la Wawakilishi lenye viti 118. Wao ndio wanaotunga sheria za shule, za polisi na magereza, za kodi ya jimbo, za bima ya afya kwa familia maskini, na sehemu kubwa ya makosa ya jinai. Enzi za Obama, hata hukumu ya kifo kwa mauaji yaliyotendeka Illinois ilikuwa suala la bunge hilo. Vita, sarafu, uhamiaji na mambo ya nje ni ya Washington.

Kwa Mtanzania, kinachokaribia ni Baraza la Wawakilishi la Zanzibar: chombo cha kutunga sheria cha upande mmoja wa muungano, kwa mambo yasiyo ya muungano. Mkenya awe mwangalifu. Seneta wa Kenya anakaa Nairobi katika bunge la taifa, kwa hiyo cheo hicho hakilingani na hiki. MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, yuko karibu zaidi kwa ukubwa wa eneo, lakini hawezi kupiga kura kubadili sheria ya mauaji. Seneta wa Illinois anaweza.

Alizaliwa Hawaii. Chicago alifikaje?

Kwa kazi. Alizaliwa Honolulu Agosti 4, 1961. Mama yake, Ann Dunham, alikuwa mzaliwa wa Kansas, na baba yake, Barack Obama mkubwa, alikuwa mwanafunzi kutoka Siaya. Wazazi walikutana Chuo Kikuu cha Hawaii na wakatalikiana mwaka 1964. Mtoto aliishi Jakarta na mama yake miaka michache, akarudi Honolulu kusoma, kisha akaenda Los Angeles na baadaye Columbia, New York, alikohitimu mwaka 1983.

Mwaka 1985 akaajiriwa na taasisi ya kijamii iliyoshirikiana na makanisa ya upande wa kusini wa Chicago, kwenye mitaa iliyoachwa hoi na kufungwa kwa viwanda vya chuma. Kazi yenyewe ilikuwa kugonga milango, kuitisha mikutano na kuwasukuma viongozi wa jiji. Kwenye nyumba za serikali za Altgeld Gardens, moja ya madai ya wakazi lilikuwa kuondolewa asbesto, madini ya ujenzi yanayodhuru mapafu. Aliifanya kazi hiyo miaka mitatu, akaondoka mwaka 1988 kwenda kusoma sheria Harvard. Kabla ya kuanza masomo ndipo alipoitembelea Kenya kwa mara ya kwanza. Baba yake alikuwa ameshafariki kwa ajali ya gari Nairobi mwaka 1982.

Alikuwa anajulikana kabla ya kugombea?

Kidogo. Mwaka 1990 magazeti yalimwandika kwa kuwa mtu mweusi wa kwanza kuongoza jarida la sheria la Harvard. Aliporudi Chicago aliongoza mwaka 1992 kampeni ya kuandikisha wapiga kura iliyoingiza watu weusi wapatao 150,000 kwenye daftari la Illinois. Akaoa mwaka huohuo, na mkewe Michelle Robinson alikuwa mtoto wa upande wa kusini hasa, jambo ambalo kwa mtu wa kuja lina uzito wake. Baada ya hapo alikuwa wakili katika kampuni ndogo ya kesi za haki za raia na mhadhiri wa sheria ya katiba Chuo Kikuu cha Chicago. Mtaani, hata hivyo, hakuwa na jina.

## Uchaguzi

Kiti chenyewe alikipataje?

Kiti cha wilaya ya 13 (wilaya hapa ni eneo la uchaguzi) kilikuwa cha Alice Palmer, mwanamama aliyeheshimika mno katika siasa za Hyde Park, mtaa wa upande wa kusini wa Chicago. Mwaka 1995 mbunge wa Washington wa eneo jirani, Mel Reynolds, alipatikana na hatia ya makosa ya kingono na kiti chake kikawa wazi. Palmer akaamua kukigombea, na akamuunga mkono Obama kumrithi Springfield. Obama alitangaza nia Septemba 19, 1995, Palmer akiwa pembeni yake.

Novemba 28 Palmer akaanguka kwenye mchujo wa chama cha Democratic, nyuma ya Jesse Jackson Jr. na Emil Jones. Wafuasi wake wakamwendea Obama wakimwomba ampishe mama arudi kwenye kiti chake. Obama akakataa: neno lilishatolewa, wafanyakazi wa kampeni walishaajiriwa. Palmer akakusanya sahihi za wadhamini kwa haraka na kurudisha fomu siku ya mwisho kabisa, Desemba 18.

Ni kweli aliwaengua wapinzani wake wote?

Ni kweli, na hili halipaswi kupakwa rangi. Sheria ilimtaka kila mgombea awe na sahihi halali 757 za wapiga kura walioandikishwa ndani ya wilaya. Palmer alipeleka zaidi ya 1,500. Watu wa Obama wakaenda kwenye ofisi ya tume ya uchaguzi ya Chicago wakiwa na nakala za fomu, wakalinganisha jina moja baada ya jingine na daftari. Anayeishi ng'ambo ya mpaka wa wilaya, alama. Aliyeandika jina kwa herufi kubwa badala ya kutia sahihi yake, alama. Aliyeondolewa kwenye daftari bila yeye kujua, alama.

Hawakuishia kwa Palmer. Wagombea wengine watatu wa mchujo nao waliwekewa pingamizi. Mmoja akabaki amepungukiwa sahihi 86, mwingine 69. Palmer alijitoa Januari 17, 1996, na Obama akapita bila kupingwa kwenye mchujo wa Machi.

Je, ilikuwa halali? Na ilikuwa haki?

Halali, bila shaka. Pingamizi za aina hiyo zilikuwa desturi Chicago, na tume ndiyo iliyoamua. Swali la haki ni jingine. Mtu aliyejijengea jina kwa kuandikisha wapiga kura alianza siasa kwa kuhakikisha wapiga kura wa mchujo wanakuta jina moja tu kwenye karatasi. Mwenyewe alijitetea kwamba kwa mgombea asiyeweza kukusanya sahihi halali kuna mashaka kama ataweza kuwatumikia watu. Hoja hiyo ina nguvu kiasi, lakini haimjibu mpiga kura wa Hyde Park aliyemtaka Palmer na akakosa kumwona. Msomaji aliyewahi kuona mgombea wake akienguliwa kwa kosa la kujaza fomu anajua uchungu huo ulivyo.

Uchaguzi mkuu alishinda kwa kiasi gani?

Novemba 1996 alipata asilimia 82. Mwaka 1998 akapata asilimia 89 dhidi ya Yesse Yehudah wa Republican, na mwaka 2002 hakuwa na mpinzani. Wilaya ile ilikuwa ngome ya Democratic, kwa hiyo shindano la kweli lilikuwa mchujo.

Aliwahi kushindwa uchaguzi?

Mara moja, na vibaya. Mwaka 2000, akiwa bado seneta wa jimbo, alimvamia Bobby Rush kwenye mchujo wa ubunge wa Washington. Rush alikuwa mwanachama wa zamani wa Black Panther, kundi la wanaharakati weusi, aliyejulikana kila kona ya upande wa kusini. Oktoba 1999, katikati ya kampeni, mtoto wa kiume wa Rush aliuawa kwa risasi, na huruma ya watu ikawa kwa mzazi.

Halafu likaja suala la muswada wa kudhibiti silaha. Desemba mwaka huo bunge liliitwa kuupigia kura wakati Obama yuko Hawaii na familia, binti yake Malia akiwa mgonjwa. Hakurudi, muswada ukaanguka kwa kura chache, na vyombo vya habari vikamwandama. Zaidi ya hayo wapinzani walimsema kuwa ni msomi wa Harvard asiye mweusi vya kutosha. Machi 21, 2000 Rush alipata asilimia 61, Obama 30. Waliosema kuwa siasa zake zimeishia hapo hawakuwa wachache.

Mipaka ya wilaya yake ilibadilishwa kwa nini?

Kila baada ya sensa ya miaka kumi mipaka huchorwa upya. Illinois vyama vikishindwa kukubaliana, jina la mjumbe wa kuvunja sare huchomolewa kwa bahati nasibu. Mwaka 2001 lilitoka jina la Democratic, na chama hicho kikachora ramani kitakavyo. Wilaya ya Obama, iliyokuwa imeelekea magharibi kwenye mitaa maskini, sasa ikapanda kaskazini kando ya ziwa hadi kwenye maghorofa ya matajiri katikati ya jiji. Waliosalia ndani yake bado wengi wao walikuwa weusi, ila palikuwa na wachangiaji wapya wenye fedha na watu wa vyombo vya habari. Sioni namna ya kueleza ushindi wake wa 2004 bila ramani hii.

## Kazi bungeni

Chama chake kilikuwa na wingi wa viti?

Miaka sita ya kwanza, hapana. Republican walishika Seneti chini ya kiongozi wao, James "Pate" Philip, na muswada wa mtu wa upande wa wachache ungeweza kulala kwenye kamati ya kanuni hadi ukasahaulika. Uchaguzi wa Novemba 2002, kwa ramani ile mpya, ukageuza mambo. Januari 2003 Emil Jones akawa kiongozi wa Seneti na Obama mwenyekiti wa Kamati ya Afya na Huduma za Jamii.

Kama walikuwa wachache, miaka sita hiyo alifanya nini?

Alijifunza kutafuta washirika upande wa pili. Muswada wa maadili wa mwaka 1998 ndio mfano mzuri. Wakati huo mwanasiasa wa Illinois aliweza kutumia fedha za kampeni kwa mambo yake binafsi na kupokea zawadi bila kificho kutoka kwa washawishi, yaani watu wanaolipwa kuwashawishi wabunge. Obama, aliyependekezwa kwa kazi hiyo na seneta mstaafu Paul Simon, aliusimamia pamoja na Kirk Dillard wa Republican. Baadhi ya wenzake wa chama walikasirika kwamba mgeni anawagusa mfukoni. Ulipita Seneti kwa kura 52 dhidi ya 4.

Kuna pia meza ya karata. Yeye na maseneta kadhaa wa vyama vyote, pamoja na washawishi, walikuwa wakikutana jioni kucheza poka nyumbani kwa seneta Terry Link. Springfield iko takribani kilomita 320 kutoka Chicago, wabunge hulala huko siku za vikao, na jioni ni ndefu.

Sheria gani ni kubwa kuliko zote alizosimamia?

Nitaitaja moja bila kusita: sheria ya 2003 ya kurekodi mahojiano ya polisi kwa washukiwa wa mauaji.

Ili kuielewa lazima ujue Illinois ilikuwa na jeraha gani. Miaka ya 1970 na 1980 kikosi cha kamanda Jon Burge, upande wa kusini wa Chicago, kiliwatesa washukiwa weusi hadi wakakiri. Burge alifukuzwa kazi mwaka 1993. Mpaka Januari 2000 watu 13 waliokuwa wamehukumiwa kifo walikuwa wameonekana hawana hatia, na gavana George Ryan, Mrepublican aliyeiunga mkono adhabu hiyo, akasimamisha utekelezaji wote wa hukumu za kifo. Januari 2003, siku chache kabla ya kuondoka madarakani, akawapunguzia adhabu wafungwa wote 167 waliokuwa wamehukumiwa kifo. Mzizi wa kesi nyingi zile ulikuwa ungamo lililotolewa katika chumba kisicho na shahidi.

Muswada wa Obama ulidai kamera iwashwe tangu mwanzo wa mahojiano, si wakati wa kusoma ungamo lililokwisha kuandikwa. Polisi na waendesha mashtaka walipinga: gharama kubwa, washukiwa wataogopa kusema. Hata gavana mpya, Rod Blagojevich, alianza kwa kuupinga. Obama aliketi nao wote kikao baada ya kikao. Aliwaambia polisi kwamba kanda inamlinda pia askari mwadilifu dhidi ya madai ya uongo, akakubali ibaki mauaji tu badala ya makosa yote, na akakubali vighairi kama vile kamera kuharibika. Wanaharakati wengine waliona amelegeza mno. Ila alishikilia kiini: pasipo kurekodi, kinachosemwa na mshukiwa akiwa kituoni huchukuliwa kuwa hakifai mahakamani mpaka upande wa mashtaka uthibitishe vinginevyo.

Seneti iliupitisha kwa kura 58 bila hata moja ya kupinga, gavana akatia sahihi Julai 2003, na Illinois ikawa jimbo la kwanza kulazimisha jambo hilo kwa sheria ya bunge. Kwa yeyote anayeishi ambako ungamo la kituo cha polisi bado linatosha kumfunga mtu, sheria hii inastahili kusomwa kifungu kwa kifungu.

Na nyingine?

Mwaka huohuo alisimamia sheria inayowataka polisi waandike rangi ya kila dereva wanayemsimamisha ili takwimu zichunguzwe kama kuna ubaguzi. Alishiriki kuleta nafuu ya kodi kwa wafanyakazi wa kipato cha chini na kupanua bima ya afya ya watoto. Ni haki kuongeza kwamba mwaka 2003 Emil Jones alimpa kwa makusudi miswada mizito ya kusimamia, baadhi ikiwa imehangaikiwa na wengine kwa miaka, na wapo walionung'unika.

Kwa nini alipiga kura ya "nipo" mara nyingi?

Illinois mbunge ana vitufe vitatu: ndiyo, hapana, na nipo. Obama alibonyeza "nipo" karibu mara 130 kati ya kura zipatazo 4,000. Kwa kuwa muswada unahitaji kura 30 za ndiyo kati ya viti 59, "nipo" haiusaidii kupita. Kwa hesabu ni sawa na hapana. Nyingine zilikuwa mkakati wa pamoja, hasa kwenye miswada ya utoaji mimba ambapo watetezi wa haki hiyo waliwaomba wabunge wafanye hivyo. Nyingine alisema zilikuwa za dosari za kikatiba. Hillary Clinton alimshambulia kwazo mwaka 2008. Hesabu inamtetea, lakini mpiga kura anayo haki ya kuuliza kwa nini mbunge wake hakusema hapana waziwazi.

Alipiga kura gani kuhusu vita vya Iraq?

Hakuwa na kura. Hotuba yake maarufu ya kupinga vita aliitoa Oktoba 2, 2002 kwenye mkutano wa hadhara Chicago, akiwa seneta wa jimbo. Suala hilo lilikuwa la Washington, kama ilivyoelezwa kwenye jibu kuhusu madaraka ya seneta wa jimbo.

## Kuondoka, na maswali ya pembeni

Aliendaje Washington?

Mwaka 2004 seneta wa Republican wa Illinois, Peter Fitzgerald, hakugombea tena. Obama alishinda mchujo wa Machi kwa takribani asilimia 53, wengi wakiwa wamemweka nyuma ya Dan Hynes na milionea Blair Hull. Julai 27 alihutubia mkutano mkuu wa Democratic mjini Boston, na watazamaji wengi hawakujua kwamba wanamsikiliza mbunge wa jimbo tu. Mpinzani wake Jack Ryan alikuwa amejitoa kwa kashfa ya talaka. Republican wakamleta Alan Keyes kutoka Maryland. Matokeo ya Novemba 2: asilimia 70 kwa 27. Siku mbili baadaye akajiuzulu Springfield.

Nani alimrithi? Kulikuwa na uchaguzi mdogo?

Hapakuwa na uchaguzi mdogo. Kiti cha bunge la Illinois kikiwa wazi, viongozi wa chama wa eneo husika huteua mtu. Walimteua Kwame Raoul, wakili aliyezaliwa Chicago na wazazi kutoka Haiti, ambaye tangu 2019 ni mwanasheria mkuu wa jimbo. Baada yake akaja Robert Peters. Usichanganye na kiti cha Washington alichokiacha mwaka 2008: hicho ndicho gavana Blagojevich alituhumiwa kutaka kukiuza, na Januari 2009 Seneti ileile ya Illinois ikamwondoa madarakani kwa kura 59 kwa 0.

Damu ya Kenya ilimsaidia au ilimdhuru Illinois?

Mwanzoni haikumsaidia. Mwaka 2000 jina na ukoo vilitumika kumwonyesha kuwa si mwenzao (tazama jibu kuhusu kushindwa kwake). Mwaka 2004, kwa jimbo zima, habari ya baba aliyetoka Nyanza ikawa sehemu ya mvuto wake.

Aliwahi kuwa raia wa Kenya?

Kwa muda, kupitia baba. Alizaliwa Marekani, kwa hiyo ni Mmarekani kwa kuzaliwa. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 akahesabika pia Mkenya kwa sababu ya baba, lakini sheria ya wakati huo haikuruhusu uraia pacha kwa mtu mzima na haki hiyo ikakoma yenyewe mwaka 1984. Alipogombea Springfield mwaka 1996 alikuwa na uraia mmoja.

Sheria alizoshughulikia bado zipo?

Kurekodi mahojiano kumebaki na kumepanuliwa kwa makosa mengine mazito. Takwimu za madereva, zilizoanza kama zoezi la muda, zilifanywa za kudumu mwaka 2019. Kanuni za zawadi za 1998 zilimezwa na sheria pana zaidi ya maadili ya mwaka 2003. Hukumu ya kifo, ambayo Obama hakuwahi kupendekeza ifutwe yote alipokuwa Springfield, ilifutwa na gavana Pat Quinn kwa kutia sahihi Machi 2011.